Goti la Keith

Ujumbe ulitoka kwa binti yake Keith, aliyezaliwa baada ya mimi kuhama kwao, si kwa mkewe. "Baba amefariki Jumapili. Mazishi ni Ijumaa, Erdington. Mama anasema uje ukitaka." Niliusoma nikiwa kwenye maegesho ya shule ninayofundisha michezo, na neno lililonikwama kooni halikuwa "amefariki", maana nilijua alikuwa mgonjwa. Lilikuwa "ukitaka". Watu waliosoma naye, waliocheza naye, waliomshangilia tangu utoto wao hadi wakapata wajukuu, hao hawakuambiwa waje wakitaka. Waliambiwa saa tu. Mimi niliyelala chini ya paa lake karibu mwaka mzima, niliyekula katika sahani zake, nilipewa ruhusa ya kutokuja. Nilikaa ndani ya gari mpaka kengele ikalia, na darasa langu likaanza kucheza bila mimi.

Vijana huniuliza sana habari za mwaka ule, kwa kuwa ndio mwaka nilioingia katika soka la kulipwa, na nina hadithi yangu ya kuwasimulia. Ni ya kweli yote, ila kuna mahali huwa naparuka. Safari hii sitaruka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, beki wa kati, mrefu, mwenye mbio, na Kiingereza cha kuombea maji. Klabu yetu ilikuwa ndogo, ya madaraja ya chini, upande wa kaskazini wa Birmingham, na ilikuwa na desturi ya kuwatafutia wachezaji vijana chumba katika nyumba za watu wanaoaminika. Mimi nilipelekwa kwa nahodha mwenyewe. Keith alikuwa na miaka thelathini na sita. Aliingia katika klabu ile akiwa mtoto wa miaka kumi na hakuwahi kuvaa jezi nyingine. Timu kubwa zilimtaka mara mbili. Mara ya kwanza alikataa kwa sababu klabu ilikuwa inashuka daraja na aliona vibaya kuondoka. Mara ya pili alikataa kwa sababu ilikuwa inapanda na alitaka kuwapo. Ndivyo alivyoeleza siku nilipomwuliza, kisha akaomba apitishiwe chumvi.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali mekundu, katika mtaa ulio nyuma ya High Street ya Erdington, karibu na reli kiasi kwamba vikombe vya kabatini viliita kidogo kila treni ilipopita kwenda mjini. Chumba changu kilikuwa juu, mbele, chenye zulia la rangi ya maharage na kitanda kilichonipungukia kwa urefu wa miguu. Maureen, mkewe, aliweka kisanduku mwishoni mwa kitanda na mto juu yake, nikawa nalala nimenyooka. Chakula kilikuwa saa kumi na mbili kamili: soseji na viazi vya kuponda, njegere, na mchuzi mzito wa kahawia ambao mwanzoni niliuogopa na baadaye nikawa naumalizia kwa mkate. Maureen aliniita "bab", neno ambalo akina mama wa Birmingham humwita yeyote wanayempenda, na mimi kwa wiki kadhaa nilidhani ananiita baba, nikawa najiuliza nimefanya nini kustahili heshima hiyo.

Jina langu ni Safari. Siku ya kwanza mazoezini wachezaji walipolisikia walianza kunguruma kama simba, mmoja akatembea akiyumba kama tembo, chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka pia, maana sikujua la kufanya. Keith alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua hata kichwa.

"Safari maana yake nini kwenu?" aliniuliza.

"Ni kwenda mbali. Kutoka mahali mpaka mahali."

"Basi mmesikia," akawaambia wenzake. "Anayetaka kuona wanyama akakate tiketi."

Hakuna aliyenguruma tena, siku ile wala nyingine. Namna yake ilikuwa hiyo. Hakupiga kelele. Uwanjani alisema maneno machache tu, "nyuma", "acha", "wangu", na safu nzima ilisogea kama pazia. Alinifundisha mpira mezani kuliko uwanjani. Aliweka njegere nne upande wa sahani, hao ni mabeki, na kipande cha karoti ndiye mshambuliaji, kisha akamvuta karoti nyuma taratibu. "Sasa wewe unafanya nini?" Mimi nilimfuata karoti kwa njegere yangu. Alicheka mpaka Maureen akaja kutazama. "Anakuomba umfuate, kijana. Ukimfuata umekwisha. Mwache aende, wewe tunza nafasi." Nimewafundisha watoto jambo hilo kwa miaka mingi, na sijawahi kuwaambia nilikojifunzia.

Asubuhi moja ya Novemba nilitoka chumbani nikamkuta ameketi juu kabisa ya ngazi, amevaa nguo za mazoezi, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama gogo. Alishika nguzo, akajishusha kwa makalio, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtoto anayejifunza. Usoni alikuwa amekunjamana. Ngazi zilikuwa kumi na nne na alishuka zote namna ile, mimi nimesimama juu yake, sithubutu kumpita wala kurudi chumbani. Alipofika chini alisimama, akachechemea hatua mbili tatu, akageuka.

"Hujaona kitu," alisema.

"Sijaona," nilisema.

Baada ya saa moja alikuwa uwanjani anaruka juu kupiga mpira kwa kichwa, na kama si asubuhi ile nisingejua. Lakini tangu hapo nilianza kusikia. Kila Alhamisi mchana alikuja Ron, mtu aliyetibu majeraha ya wachezaji wa klabu, rafiki yake Keith tangu walipokaa dawati moja shuleni. Waliingia jikoni alikokuwa Maureen, na mkoba mweusi, wakafunga mlango. Chumba changu hakikuwa juu ya jiko, kwa hiyo siwezi kusema maneno yalinifuata mwenyewe. Nilikaa kwenye ngazi, nikasikiliza.

"Maji ya leo ni mengi kuliko ya wiki iliyopita," Ron alisema. "Siwezi kukuvuta maji gotini kila wiki, Keith. Ukiendelea hivi, ukifika hamsini utakuwa mtu wa fimbo."

"Mpaka Mei tu. Mechi ya mwisho hapa nyumbani. Niicheze, nizunguke uwanja mara moja niwapungie watu mkono, basi. Sitaki kuondoka kwa barua."

"Na kocha akijua?" Maureen aliuliza.

"Atajuaje?" Ron alisema. "Tunaojua tuko humu jikoni."

Jumapili nilikwenda Winson Green, kwa Mama Neema. Alikuwa mama wa Bukavu, mji wa kwetu, aliyewakusanya vijana wa kanisa letu baada ya ibada na kuwalisha katika nyumba ndogo ya mtaa wa nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta, na gereza kubwa likionekana mwisho wa barabara. Pale ndipo nilipozungumza kwa kinywa kizima. Kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa chumvi, na watoto wake waliokuwa wakiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza bila kutoa macho kwenye televisheni. Mama Neema alikuwa ametangaza kanisani kwamba mimi ni mchezaji, na kila Jumapili alinidai ushahidi.

"Safari, mwana wangu, tunaangalia ku télé, hatukuone. Uko wapi?"

"Niko benchi, mama."

"Benchi? Benchi ni ya siye watu ya kanisa! Weye ulikuja kucheza. Utuambie siku, alors tutakuja église nzima, kanisa lote, na ngoma."

Watu walicheka, nami nikala nikiangalia sahani. Sikuwaambia kwamba mkataba wangu ulikuwa unaisha Juni, na kwamba vijana wawili tuliokuja pamoja walikuwa wameshaambiwa watafute pengine. Usiku kitandani sikuota nyumbani wala vita tulivyovikimbia. Niliota jezi yenye namba tano, namba ya Keith.

Krismasi ilipopita tulipata kocha mpya, mtu wa London, nadhifu, asiyemjua mtu na asiyetaka kumjua. Mwezi wa Machi aliniita ofisini baada ya mazoezi. Palikuwa na harufu ya rangi mpya. Hakunikaribisha kukaa.

"Lazima niamue kuhusu mkataba wako," alisema, "na sijui niandike nini. Sijakuona ukicheza."

"Nipange, utaniona."

"Nimtoe nani? Nahodha?" Alitabasamu, kisha akanitazama vizuri zaidi. "Wewe unaishi kwake. Asubuhi huwa anaonekanaje?"

Naijua nafasi niliyokuwa nayo. Ningeweza kusema yuko sawa. Ningeweza kuinua mabega, kama nilivyofanya kila nilipokosa neno, na angeniruhusu niende. Kwa miaka nimejaribu kujitetea kwamba nilikuwa mdogo, kwamba lugha ilinitatiza, kwamba nilishtukizwa. Lakini Kiingereza cha sentensi ile kilinitoka sawasawa, bila kosa hata moja.

"Anashuka ngazi kwa makalio," nilisema. "Goti limekwisha."

Kocha aliandika kitu. Hakuuliza nani anamtibu, na mimi sikumtaja Ron. Nilipotoka nilijipongeza kwa hilo. Nilijiambia angalau Ron nimemlinda.

Siku mbili baadaye Keith alipelekwa hospitali moja ya Edgbaston kupigwa picha ya goti. Alirudi saa ya chakula, akakaa mahali pake, akala kila kitu kilichokuwa kwenye sahani. Kisha akasema, kana kwamba anatueleza hali ya hewa, kwamba daktari ameandika asicheze tena, na kwamba klabu haiwezi kwenda kinyume cha daktari. Zilibaki wiki saba kabla ya mechi ya mwisho. Maureen aliweka mkono juu ya mkono wake. Mimi nilisema pole. Nilisema mara tatu, na kila mara aliitikia, "Asante, kijana."

"Alijua," Keith alisema. "Kocha alijua kabla ya picha. Kuna mtu alimwambia. Hataki kunitajia."

Alhamisi Ron alikuja kama kawaida, bila mkoba. Keith hakumruhusu apite mlangoni. Mimi nilikuwa juu, nimesimama kwenye kipande cha zulia mbele ya chumba changu, na niliwaona wote wawili kuanzia kifuani kwenda chini.

"Ulimwambia," Keith alisema.

"Sikumwambia."

"Basi mbona uko kazini? Mtu aliyenifichia goti miezi sita angefukuzwa siku ileile. Wewe hata hukuulizwa. Kwa nini hukuulizwa, Ron?"

Jibu lilikuwa juu ya ngazi. Kimya changu ofisini, nilichokiita ulinzi, ndicho kilichomhukumu.

"Keith, tunajuana tangu tukiwa na miaka mitano."

"Ndiyo maana."

Nilihitaji kushuka ngazi kumi na nne. Nilikuwa na magoti mazima. Nakumbuka mkono wangu ulikuwa juu ya nguzo na kwamba nilikuwa na njaa, na chini kulikuwa na harufu ya vitunguu. Mlango ulifungwa. Nilisubiri kidogo, ili isionekane nilikuwa pale, kisha nikashuka kula.

Jumamosi ile namba tano ilikuwa yangu. Nilicheza mechi zote zilizobaki na nilicheza vizuri. Huu ndio upande wa hadithi ninaowasimulia vijana: jinsi nilivyoingia mahali pa nahodha aliyeumia, jinsi yeye mwenyewe alivyonikalisha mezani kila Ijumaa na kunieleza mshambuliaji wa kesho, mguu gani anaupenda, anachukia nini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alinipa yote aliyokuwa nayo, kwa subira, huku goti lake likiwa juu ya kiti. Nami nilipokea, nikauliza maswali, nikaandika kwenye daftari. Maureen aliendelea kupika. Hakuniita tena "bab", na nilidhani ni huzuni.

Mechi ya mwisho Mama Neema alitimiza ahadi. Walikuja watu thelathini hivi, vitenge na makoti ya baridi, na ngoma moja ambayo mlinzi wa getini aliikagua ndani na nje kabla ya kuipitisha. Walikaa jukwaa la nyuma ya goli wakaimba nyimbo za kanisa, na mashabiki wa pale, wasioelewa neno, wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Kisha uwanja wote ukaanza kuimba jina la Keith. Walikuwa wamesikia kwamba atazunguka uwanja kuwaaga. Klabu ilikuwa imemwomba. Nilimwona juu, kwenye viti vya viongozi, amevaa suti. Waliimba dakika nyingi. Hakusimama.

Baada ya mechi nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, ameketi mahali pake palepale.

"Kwa nini hukushuka, Nahodha? Walikuwa wanakuita."

"Nishuke na viatu vya ngozi?" alisema. "Nilitaka kuwaaga nikiwa mchezaji. Kupunga mkono na suti ni kazi ya meya." Kisha akanipiga begani. "Umemwacha aende, yule namba tisa. Umetunza nafasi. Vizuri sana."

Nilikwenda msalani nikafungulia maji ya bomba. Nje ngoma ilikuwa bado inalia, Mama Neema akiliita jina langu kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Mwezi wa Julai klabu kubwa zaidi ya kusini ilinitaka, nikakubali bila kulifikiria hata usiku mmoja. Keith alibeba sanduku langu hadi stesheni ya Erdington, akichechemea, akikataa nimsaidie. Nimepita klabu sita baada ya hapo na hakuna hata moja inayonikumbuka. Kila Krismasi nilimpigia simu, na kila Krismasi aliniuliza kama natunza magoti. Mara mbili nilianza kumwambia. Mara zote mbili niliuliza habari za Maureen badala yake.

Ijumaa ya mazishi kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje, wazee wamefunga skafu za klabu juu ya makoti meusi. Mtu mmoja alisimama akasoma maisha yake. Yalikuwa mafupi kuyasoma: klabu moja, mke mmoja, mtaa mmoja. Ron alikuwa kiti cha mwisho kabisa, mwembamba, peke yake. Baadaye watu wakaenda nyumbani kwa chai. Niliingia jikoni nikamkuta Maureen anapanga mikate kwenye sinia. Nilifunga mlango. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, lakini yalitoka vibaya, yamevunjika, kama Kiingereza changu cha mwanzo.

"Ni mimi niliyemwambia kocha. Si Ron. Ni mimi."

Hakuacha kupanga. "Najua," alisema. "Wiki ile ulianza kuosha vyombo bila kuombwa. Kila siku. Mwanaume wa umri wako hafanyi hivyo bila sababu."

"Hukumwambia Keith?"

"Nilimwambia siku ileile Ron alipofukuzwa mlangoni. Tuligombana vibaya kuliko wakati wowote wa ndoa yetu. Alisema kijana anayekula mezani kwake hawezi kumfanyia hivyo, na nisilitamke tena neno hilo ndani ya nyumba yake. Sikulitamka tena. Nikaendelea kukupikia." Aliinua macho. Hayakuwa na hasira, na ningependa yangekuwa nayo. "Ilibidi iwe mmoja wenu, Safari. Akachagua isiwe wewe."

Nilitaka kukaa lakini viti vyote vilikuwa vimepelekwa sebuleni.

"Ron yuko nje," alisema. "Nimemwona dirishani. Hajaingia hapa tangu siku ile. Usiniombe msamaha mimi. Nenda."

Alikuwa amesimama kando ya ukuta mfupi wa bustani, kofia mkononi. Nilimwambia mimi ni Safari. Alisema anajua mimi ni nani. Nikamwambia lile jingine. Treni ilipita, tukaisubiri iishe.

"Unajua," alisema, "ilifika mahali nikaanza kujishuku mwenyewe. Siku hizo nilikuwa nakunywa. Nikasema labda nilitamka baa, labda mtu alisikia. Niliacha pombe kwa ajili hiyo. Nilimwandikia Keith barua kumwambia kama ni mimi, sikukusudia." Alitikisa kichwa. "Nilimwomba radhi kwa jambo nisilolifanya."

"Nisamehe."

"Yeye alijua?"

Ningeweza kusema hapana. Lingekuwa jibu la huruma, na kwangu lingekuwa rahisi zaidi. "Maureen alimwambia," nilisema. "Hakukubali. Alisema mtu anayekula mezani kwake hawezi."

Ron aligeukia nyumba. "Mimi nilikula mezani kwake kabla yako," alisema, polepole, bila ukali, kama mtu anayesahihisha kumbukumbu. Kisha akavaa kofia, akaivua tena kwa kuwa alikuwa anaingia ndani, akasukuma geti. Nilimfuata hatua moja. Aliinua kiganja bila kugeuka, nikasimama. Maureen alifungua mlango kabla hajabisha. Sikusikia walichosema. Nilimwona akimvua koti, akilikunja mkononi mwake, kisha mlango ukafungwa, nami nikabaki barabarani.